Kona ya Mwisho Kabla ya Yiti

Nilimjua Mwalimu kwa mifuko yake kabla ya kumjua mwenyewe. Aliingia katika duka letu la ushonaji pale Hamriya, mjini Maskati, akiwa na baibui jipya mkononi, akalitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akasema anataka mifuko sita. Mimi nilizoea kushona mmoja, wa simu. Nikamtazama.

"Sita, mwanangu. Miwili ya maji, mmoja wa tende, mmoja wa tasbihi, mmoja wa dawa za sukari."

Nikamwonyesha vidole vitano.

Akainama karibu na sikio langu. "Wa sita wa halua. Lakini huo uushone kwa ndani, yule kijana wangu asiuone."

Nikacheka, mimi ambaye sicheki mbele ya wateja. Nilikuwa nimetoka Tanga miaka miwili kabla, nina darasa la saba na cherehani, na kwa watu wengi maneno yangu yalikuwa mawili tu, "ndiyo" na "kesho". Yeye alipendezwa na hilo. Alisema amesomesha miaka thelathini na amechoka na watu wanaojibu wasichoulizwa. Siku alipokuja kuchukua baibui aliniuliza Ijumaa huwa nafanya nini. Nikamwambia nalala.

"Basi Ijumaa hii utalala huku unatembea," akasema.

Sasa duka limehamia upande mwingine wa mji na simwoni Mwalimu kila wiki kama zamani. Naandika haya kidogo kidogo, nikimaliza kazi, nisije nikasahau namna alivyokuwa akisema.

Mwalimu alikuwa akitembea njia ya mahujaji. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba kabla ya barabara, watu wa vijiji vya pwani waliokwenda Hija walivuka milima kwa miguu, mizigo juu ya punda, kutoka Yiti na kwengineko, wakashukia Sidab, kisha Maskati kupanda chombo cha Jidda. Sehemu nyingine za njia hiyo bado zipo, mawe yake yamelainika katikati kwa nyayo. Sehemu nyingine zimemezwa na lami, na hapo tulitembea ukingoni huku magari yakitupigia honi, naye Mwalimu akiwapungia mkono kama wanamshangilia.

Hakuitembea yote kwa siku moja, maana magoti yake hayakubali. Aliikata vipande. Miezi ya baridi ilipoingia, kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri mwanawe alitushusha pale tulipoishia wiki iliyopita, tukatembea mpaka jua linaanza kuuma, kisha akatufuata na gari. Tulianza Sidab tukaelekea Yiti, yaani upande waliopita wale wakirudi nyumbani. Nilimuuliza mbona hatwendi kama walivyokwenda.

"Kwenda, kila mwenye nauli atakwenda," alinijibu. "Haji ni yule anayerudi akawa mtu mwengine. Mie nnaanza na kurudi. Kwenda kutakuja."

Alisema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajakwenda. Kila mwaka aliandikisha jina kwenye kura ya Hija, kila mwaka majina yakatoka na lake halimo. Mwanawe, ambaye ni mhandisi na mtu wa wasiwasi, alidhani anatembea kwa huzuni.

"Mama, daktari kasema utembee. Hakusema uhamie mlimani."

"Nimehamia? Magodoro yangu yako wapi huko mlimani?"

"Ukianguka?"

"Nikianguka fundi atanishona."

Fundi ni mimi. Hakuniita jina langu hata siku moja, nami simwiti lake.

Kutembea na Mwalimu kulikuwa na sheria. Mwendo wa kwanza ni kimya. Mwendo wa pili ni kumswalia Mtume, pumzi kwa pumzi, si kwa haraka. Na tukianza kupanda, kila kona ya njia inapewa mtu mmoja uliyemkosea. Unafika kwenye kona, unasimama, unataja jina lake na kosa lako, unamwombea kheri, unaendelea. Simu zilikatazwa kabisa. Simu yake mwenyewe ililia kila baada ya dakika kumi, naye aliipokea kila mara akisema kwa sauti kubwa, "Niko kwenye ibada, nipigie baadaye!" kisha akaongea robo saa.

Kwa njia hii nilijua makosa ya Mwalimu yote kwa mpangilio wa milima. Kulikuwa na kona ya mpishi wa shule, ambaye Mwalimu alimwambia wali wake unafaa kujengea ukuta. Kulikuwa na kona ya mwanafunzi aliyemsimamisha nje kwa kucheka, kumbe aliyecheka ni mwengine. Kulikuwa na kona ya marehemu mumewe, na hapo alisimama muda mrefu, akacheka peke yake, akasema, "Huyu niliyomkosea nimeyagawa kona nne, moja haitoshi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, fundi? Toa lako."

Nilisimama kwenye kona yangu. Nikasema polepole kwamba nimemficha mwenzangu wa dukani mkasi wake mzuri, na namwona anautafuta kila siku, nami namsaidia kuutafuta.

Mwalimu alikaa chini juu ya jiwe kwa kicheko. Alicheka mpaka tende zikamwagika mfukoni. "Unamsaidia kuutafuta! Wallahi hili ni kosa na nusu. Jumamosi urudishe." Jumamosi nikarudisha. Tangu siku hiyo nikawa naingoja Ijumaa kama mtoto anavyongoja Idi.

Lakini jambo lililokuwa likimla Mwalimu halikuwa kwenye kona yoyote kati ya hizo. Lilikuwa Yiti kwenyewe, ndani ya nyumba moja ya rangi ya maziwa karibu na msikiti.

Mtu anayekwenda Hija huomba radhi kwa aliokaa nao, ndivyo walivyofanya wazee na ndivyo wanavyofanya watu mpaka leo. Wengine hungoja safari iwe na hakika. Mwalimu hakungoja. Kila mwaka alipoandikisha jina tu, alivaa vizuri akazunguka mtaa mzima kuomba radhi, kisha jina halitoki, mwaka unaofuata anazunguka tena. Watu walikuwa wamemsamehe mpaka wamechoka. Muuza mboga, Mhindi wa makamo, alipomwona anakuja alikuwa anainua mikono kabla hajafika: "Mama, khalas! Samehe ya mwaka huu, samehe ya mwaka ujao, khalas! Nyanya utachukua?" Na mzee wa mlango wa pili alimfungulia akiwa na tonge mkononi. "Mwalimu, nimekusamehe mpaka yale hujayafanya. Niache nile."

Mwaka ule wa kwanza kutembea naye, Mwalimu aliona magoti hayamruhusu kuzunguka kote, akarekodi ujumbe wa sauti mmoja mzuri, "Ndugu zangu nyote, kama kuna yeyote niliyemkosea kwa neno au kwa kitendo, kujua au kutojua, nnaomba aniwie radhi," akautuma kwenye kundi lao la simu, la wanawake wa Unguja waliopo Maskati. Yakarudi maua, mikono ya dua, amina zisizo na idadi. Ukarudi na ujumbe mmoja wa sauti, mfupi. Alinisikilizisha tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha jabali. Sauti ya mwanamke mzima, kavu:

"Mie si nyote. Kosa langu lina jina na mie nna nyumba. Ukitaka radhi, njoo."

Huyo ndiye Bi Mkubwa wa Yiti. Walikuwa mashoga tangu usichana, wanapeana nguo na siri. Miaka mingi kabla ya hapo, Bi Mkubwa aliozesha binti yake. Upande wa wanawake ukatolewa mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, sinia kwa sinia, wakwe wakausifu, na Bi Mkubwa akasema ameamka alfajiri kuutengeneza kwa mikono yake. Mwalimu akamega, akatafuna, akasema kwa ile sauti ya darasani inayofika mpaka dawati la nyuma: "Huu wa dukani. Tui la kopo hili."

Ukumbi ulicheka. Wakwe walicheka zaidi ya wote. Bibi harusi akalia mpaka wanja ukamchirizika, na tangu siku hiyo mashoga wale wawili hawakusemeshana.

"Ulijua kweli ni tui la kopo?" nilimuuliza.

"Sikuwa na hakika, mwanangu," akasema, akiikunja na kuikunjua karatasi ya halua. "Nilitaka watu wacheke. Hilo ndilo linalonichoma. Ingekuwa nimesema kweli kwa ajili ya kweli, ningelala."

Kwa hiyo kila kipande cha njia kilikuwa kinamsogeza kwenye mlango ule, na kila alipousogelea alipata sababu. Msimu wa kwanza tulifika kona ya mwisho, ile unayoiona Yiti chini yako na nyumba zake, akasema maji yamekwisha. Chupa mbili zilikuwa zinagongana mfukoni mwake kwa sauti. Msimu wa pili tulifika pale pale, akakumbuka ameacha jiko linawaka. Mwanawe akapiga simu nyumbani, jiko lilikuwa limezimwa. "Basi pasi," akasema Mwalimu. Msimu wa tatu alisema kwa dhati kabisa, bila kupepesa jicho, kwamba si adabu kumtembelea mtu Ijumaa.

Mtu huyu hakuogopa kitu kingine chochote nilichokiona. Hakuogopa kupotea, na tulipotea sana. Alikuwa amesomesha jiografia, na sijapata kuona mtu anayepotea kwa uhakika kama yeye. Alikuwa analitazama jua, ananyoosha mkono, anatangaza kusini, na tunakwenda kaskazini. Akionyeshwa kosa alisema, "Hatukupotea. Njia ndiyo iliyohama." Ijumaa moja tulishuka korongo lisilo letu tukatokea nyuma ya hoteli kubwa, kwenye ua wa jikoni, na Mwalimu akakanyaga trei nzima ya vitunguu vilivyokatwa.

Mpishi, kijana wa Mombasa, alitoka na mwiko. "Mama! Mmetokea wapi? Huko nyuma ni mlima tu!"

"Ndiko tulikotokea. Nimekuharibia vitunguu, baba, niwie radhi."

"Ah, hakuna neno, mama. Nimesamehe. Kaeni niwape chai."

Tukakaa juu ya makreti, tukanywa chai ya maziwa iliyokolea, na wapishi watano wakaja kumtazama bibi aliyeshuka mlimani kwa miguu kwa ajili ya Mungu. Mwalimu aliwauliza mito ya kwao inatiririkia wapi. Walipokosa aliwafundisha, na nadhani alikosea naye. Tulipoondoka alinishika mkono. "Umeona, fundi? Trei nzima, dakika moja, kasamehe. Wengine kipande cha mkate, miaka kumi na miwili."

"Huyu ulimwomba," nikasema.



Basi msimu uliopita, Jumanne moja asubuhi, nikasikia mlango wa duka ukifunguliwa kwa kishindo. Mwalimu alisimama katikati ya vitambaa, simu juu, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Soma! Mie macho yangu siyaamini."

Nilisoma herufi kwa herufi, Kiarabu changu ni kidogo, lakini jina lake nililiona na neno Hija nikaliona. Jina limetoka. Mafundi wote wanne tulipiga vigelegele, yule wa kupiga pasi akaunguza kanzu ya mteja, na Mwalimu akacheza pale pale, hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma, huku ameshika kiuno. Kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyekumbuka pasi kweli.

Alikuwa amepewa mpaka Jumapili kukubali, asipokubali nafasi inakwenda kwa mwengine.

"Kubali sasa hivi," nikasema.

"Siwezi." Akakaa juu ya robota la kitambaa. "Nimetembea miaka mitatu nnataja watu kwa kona. Nisimame Arafa nimwambie nini Mola, kwamba mmoja alikuwa mbali? Yupo hapo Yiti, kila msimu nnaliona paa lake. Bila radhi yake siendi, fundi. Nimeshajiapia."

"Na akikataa?"

"Basi nitakuwa nimekataliwa na mwenye haki yake."

Ijumaa ile mwanawe alitushusha kwenye kipande cha mwisho, yeye akazunguka na gari kwenda kutungoja kijijini. Mwalimu hakutaja mtu hata mmoja kwenye kona zile. Simu yake ililia, akaizima, na hapo ndipo nilipoogopa. Mlima ulikuwa umepoa, mawe mekundu, na kila jiwe lililoteleza chini ya kiatu chake lilinifanya ninyooshe mkono.

Tukafika kona ya mwisho. Yiti ikatokea chini, nyumba zake na mnara wa msikiti na ufuo mweupe. Mwalimu akakaa. Akafungua kiatu, akakifunga. Akafungua cha pili.

"Unajua, fundi," akaanza, "watu wa kijijini asubuhi hii huwa wanafua..."

Sijui nini kilinipata. Mimi ambaye hata kwenye foleni nawapisha wenzangu, nilichukua chupa moja ya maji mfukoni mwake, nikaanza kushuka.

"We fundi! Unakwenda wapi?"

"Yiti."

"Unamjua nani Yiti?"

"Simjui mtu. Nitauliza."

"Utauliza nini? Wewe huwezi kuuliza bei ya uzi!" Nikasikia mawe yakiporomoka nyuma yangu, anakuja, anasema njia nzima kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, kwamba Tanga wanalea vibaya, kwamba atanikuta tu. Nilishuka nacheka, machozi yananitoka, sikugeuka, maana nilijua nikigeuka atakaa tena.

Bi Mkubwa alifungua mlango mwenyewe. Mwanamke mfupi, mtandio wa kijani, miwani ya kamba. Alimtazama Mwalimu kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu.

"Umekuja kwa gari?"

"Kwa miguu."

"Magoti hayo?"

"Haya haya."

Bi Mkubwa akaegemea mlango. Hakusema karibu. "Haya, sema."

Mwalimu akavuta pumzi. Nilijua ana hotuba, alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye gari. Hakuitoa hiyo.

"Siku ya harusi ya binti yako nilisema mkate wako wa dukani. Nilisema kwa sauti, mbele ya wakwe zako. Nilitaka watu wacheke, wakacheka. Mtoto akalia, na wewe nikakuaibisha kwenye shughuli yako. Nnakuomba radhi."

Hakutia "kama". Nililingoja neno hilo, halikuja.

Bi Mkubwa alinyoosha mkono. Akauondoa uzi uliokuwa begani mwa baibui la Mwalimu, akautazama, akauachia chini.

"Shoga," akasema.

"Naam."

"Ule mkate."

"Enhe."

"Niliununua Hamriya. Nilizidiwa na shughuli, unga ukanigomea, nikampeleka mtu alfajiri. Nikautoa kwenye karatasi nikaupanga kwenye sinia zangu. Ulisema kweli, na ndiyo maana sikuweza kukusamehe."

Nikamtazama Mwalimu. Huyu ni mtu aliyepata kumsimamisha kinyozi na wembe mkononi ili amsahihishie kibao cha duka lake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa anajilaumu, mitatu ya mwisho akijikatia kona milimani, kwa neno ambalo kumbe lilikuwa sahihi mpaka kwenye tui. Nikaona midomo yake inafunguka. Ikafungika. Akautazama mnara wa msikiti kana kwamba amesikia unamwita.

"Umesema nini, shoga? Masikio yangu siku hizi."

"Nimesema niliununua."

"Sikusikii. Upepo."

Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata ncha ya mtandio.

Bi Mkubwa akatoka nje ya mlango, akaweka viganja mdomoni. "NILIUNUNUA! DUKANI! NA TUI LILIKUWA LA KOPO!"

Dirisha la nyumba ya pili likafunguliwa, mwanamke akachungulia akauliza kwa Kiarabu kumenunuliwa nini. Mwanawe Mwalimu, aliyekuwa kwenye gari, akashuka mbio akidhani kuna ugomvi. Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Basi tena, yamekufa haya masikio. Sijapata hata neno."

Bi Mkubwa alimtazama. Bega lake moja likaanza kutikisika, kisha la pili, na akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango, miwani ikamning'inia kifuani kwa kamba yake. Nami nilicheka, na mwanamke wa dirishani alicheka bila kujua anacheka nini. Mwalimu peke yake alibaki na uso mkavu kabisa, mikono kwenye mifuko.

Bi Mkubwa akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo sana, ndogo hata mimi niliyesimama kati yao niliidaka kwa shida:

"Nimekusamehe."

"Hilo nimelisikia," akasema Mwalimu, akainama kuvua viatu.